Kidonda Kinapotoneshwa: Niliyojifunza kwa Hajjati



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, mara nyingi mmekuwa mkiniuliza, hasa akina mama baada ya darsa, kazi yangu hasa ni kazi gani. Wako wanaosema natibu wenye wazimu, na wako wanaosema nakaa na watu tukapiga soga kisha nikalipwa. Hao wa pili wako karibu zaidi na ukweli. Mimi ni mshauri nasaha katika kituo kimoja hapa Kampala, na wengi wanaokuja kwangu ni watu waliopitia vita, mateso au ajali mbaya. Leo, inshaallah, nitaeleza jambo moja tu la kazi hiyo: namna ya kumsaidia mtu ajue ni kitu gani hasa kinachomtonesha kidonda chake cha zamani, na afanye nini kinapomtonesha. Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Watu nitakaowataja nimewabadilishia mambo kadhaa ili wasitambulikane, na wameniruhusu kusimulia.

Ilikuwa mwaka 2023. Kijana mmoja alimleta nyanya yake, Hajjati wa Kiganda mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, ambaye alikuwa halali usiku. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa hapa, na Kiganda changu hadi leo watoto wangu wanakicheka. Basi nikamkaribisha kwa lugha yangu, kwa sauti ya juu na uchangamfu kama tulivyozoea kwetu: "Karibu Mama, karibu, kaa chini. Umetoka wapi?"

Hajjati akashuka sakafuni. Kiti kilikuwa mbele yake, kina na mto, lakini alishuka sakafuni. Mimi nikadhani ni ile adabu ya wanawake wa Kiganda ya kupiga magoti wanaposalimia, nikaona haya kwamba mtu mzima kama yule ananipigia magoti mimi, nikainama nimwinue. Hapo ndipo nilipoona vidole vyake vinahangaika na mkanda wa saa. Aliivua saa yake, akaiweka sakafuni mbele ya miguu yangu, akainamisha kichwa na kungoja.

Wasomaji wenye umri bila shaka wameshaelewa. Vijana wetu huenda hawajaelewa, kwa hiyo nieleze kidogo. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, wakati wa utawala wa pili wa Obote na vita vya Luweero, Kiswahili kwa Waganda wengi hakikuwa lugha ya madrasa wala ya mashairi. Kilikuwa lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, kama kilivyokuwa kabla ya hapo katika zama za Amin. Askari walizingira mtaa alfajiri, wakawatoa watu majumbani na kuwapakia kwenye malori, na operesheni zile zikapata jina la amri iliyotolewa: "panda gari". Wako waliopanda na hawakurudi. Amri nyingine ilikuwa "kaa chini". Swali lililofuata lilikuwa "umetoka wapi?" Na aliyekuwa na saa nzuri mkononi alijua la kufanya kabla hajaambiwa.

Mimi, katika kumkaribisha kwangu, nilikuwa nimemsomea Hajjati maneno yale yale, moja baada ya jingine, tena kwa sauti ya juu. Miaka 40 ilikuwa imepita, lakini kwa mwili wake haikuwa imepita hata dakika moja.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ugonjwa huu wa kiwewe ambao Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuingiza rasmi katika orodha yake mwaka 1980 una ishara nyingi: ndoto mbaya, kushtuka ovyo, hasira za ghafla, kukosa usingizi, kuwakwepa watu na mahali, moyo kuwa mzito hata kwa watoto wako mwenyewe. Lakini linalowatesa zaidi wengi ninaowaona ni kurejeshwa kule kwa ghafla. Kumbukumbu ya kawaida ina tarehe. Ukikumbuka harusi yako unajua ilikuwa mwaka fulani na kwamba sasa umeketi jikoni unamenya matooke. Kumbukumbu ya kiwewe hupotelewa na tarehe yake. Hubaki vipande: harufu, sauti, rangi ya nguo, namna mwanga ulivyoingia dirishani. Kipande kimoja kikiguswa, mwili hauulizi ni mwaka gani. Moyo unakwenda mbio, mikono inakuwa baridi, miguu inataka kukimbia au inakataa kabisa kusogea, na haya yote hutangulia kabla akili haijapata nafasi ya kusema neno. Wataalamu huviita vitu hivyo vichocheo. Kwetu pwani tuna usemi uliotangulia wataalamu, tunasema fulani katoneshwa kidonda.

Mtu asiidhanie hali hii kuwa ni upungufu wa imani. Naomba hapa nisikilizwe vizuri, kwa sababu nimewaona wengi wakiteswa na maneno hayo kuliko walivyoteswa na ugonjwa. Tuangalie kisa cha Wahshi, aliyemuua Hamza (r.a.), ami yake Mtume (s.a.w.), katika vita vya Uhud. Miaka kadhaa baadaye Wahshi alikuja akasilimu, na Mtume (s.a.w.) akaupokea Uislamu wake. Hakumlipizia kisasi. Lakini katika riwaya iliyomo katika Sahihi Bukhari, alimwomba kama angeweza kuuficha uso wake asimwone. Mimi si shekhe na siwezi kumfasiria mtu hadithi, wenye elimu watanisahihisha. Lakini kila nikisoma kisa hiki naona mambo mawili yamekaa pamoja bila kugombana: kusamehe kulikokamilika, na uso ambao kuutazama kunauma. Kama kwa kipenzi cha Allah (s.w.) uso wa mtu uliweza kurudisha huzuni ya Uhud, nani wewe umwambie mkeo kwamba angekuwa na imani asingeshtuka?

Siku ile na Hajjati, sikujua haya yote kwa mpangilio huu. Nilichofanya ni kunyamaza, kwa sababu nilifahamu angalau kwamba sauti yangu ndiyo iliyoharibu. Nikarudi nyuma, nikafungua mlango wazi kabisa, nikakaa sakafuni mbali naye ili nisiwe nimesimama juu yake. Nikamwonyesha kijana kwa ishara azungumze naye Kiganda: amwambie leo ni siku gani, wako wapi, yeye ni nani. "Jjajja, nze muzzukulu wo," alimwambia, mimi ni mjukuu wako, akarudia mara nyingi. Ilichukua kama robo saa. Sikuigusa ile saa. Nilimwacha mjukuu airudishe mkononi mwake.

Sasa nije kwenye namna tunavyotafuta. Watu wengi hudhani kichocheo lazima kifanane na tukio lenyewe: aliyepigwa risasi aogope bunduki, basi. Kampala ingekuwa mji usiokalika, maana tangu mabomu ya tarehe 11 Julai 2010 kule Kyadondo na Kabalagala, yaliyoua zaidi ya watu 70, huingii duka kubwa wala benki bila kupekuliwa na mlinzi mwenye bunduki. Kweli wako wanaosumbuliwa na hilo. Lakini mara nyingi kinachotonesha ni kidogo na cha pembeni, na mgonjwa mwenyewe hakijui, na jamaa zake wanakuwa wameshatoa hukumu yao.

Alikuja kwangu mama mmoja Muislamu, mkimbizi kutoka mashariki ya Congo, anayekaa Katwe na mumewe na watoto wanne. Kila siku jioni, adhana ya Magharibi ikianza, alikuwa anatoka mbio ndani au anajifungia. Mume alifikia uamuzi ambao pengine wengi wetu tungefikia: mkewe ana jini, na jini huyo anaichukia adhana. Alishampeleka kwa mtu mmoja anayejiita tabibu wa visomo, akapigwa fimbo nyayoni. Mama wa watu alikuwa ameanza kuamini mwenyewe kwamba ndani yake mna kitu kinachomchukia Mola wake. Alikuwa ameacha kuswali kwa kuona haya.

Ruqya kwa Qur'ani siipingi, na nani angeipinga? Wako mashekhe hapa mjini wanaoniletea watu wenyewe baada ya kuwasomea, Allah awalipe. Kupiga fimbo ndiko ninakokupinga, na nitakupinga hadi nife.

Sikumwambia yule mama kwamba si adhana. Nilikuwa sijui. Kazi ya mshauri si kukisia, kwa sababu mshauri akikisia, mgonjwa hukubali kwa heshima na mkapotea wote wawili. Nilimpa daftari. Kuandika hakukuzoea, kwa hiyo tukakubaliana michoro: sikio kwa alichosikia, pua kwa alichonusa, jicho kwa alichoona, mkono kwa sehemu ya mwili iliyoanza kubadilika. Kila anaposhtuka, akitulia, achore kilichokuwepo katika zile dakika chache za kabla. Sikutaka habari za Congo kabisa, hizo zingengoja. Nilitaka za Katwe.

Majuma matatu daftari lilijaa masikio. Halafu ikaja Idd. Aliporudi nilimwuliza siku ya Idd ilikuwaje, akasema njema, alipika, wageni walikuja. Na Magharibi? Akafikiri. Adhana ilisomwa, akaisikia, akatawadha. Hakukimbia. Tukatazamana.

Siku ya Idd kulikosekana nini mtaani kwake? Wanaoijua Katwe wanajua kelele zake, mafundi wa vyuma wanagonga tangu asubuhi. Lakini mchana kutwa kugonga kule hakukumsumbua. Jioni inapofika saa moja kasoro, wenye maduka ya chini ya chumba chake huishusha milango yao ya chuma, yote kwa wakati mmoja, kwa kishindo, na ni wakati huo huo mwadhini anaposhika kipaza sauti. Siku ya Idd maduka hayakufunguliwa, kwa hiyo hakukuwa na mlango wa kufungwa. Na usiku ule kule kwao, watu wenye silaha walipokuja, kitu cha kwanza kilichosikika kilikuwa mlango wa bati kupigwa teke.

Alilia sana. Nilidhani analia kwa kukumbuka, kumbe analia kwa furaha. "Si adhana," alisema. "Mama, si adhana." Alimpigia mumewe simu pale pale. Jioni ile aliswali, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Kujua peke yake kulimpunguzia nusu ya mzigo, lakini mlango wa chuma uliendelea kushuka kila jioni na mwili uliendelea kuruka. Hapo kunaanza kazi ya kujidhibiti, nayo huanza na dalili ya kwanza mwilini. Kwake ilikuwa ubaridi wa vidole. Akiuhisi tu, kabla moyo haujashika kasi, anakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili na kusema kwa sauti, hata kama watu wapo: leo ni siku fulani, mwaka fulani, niko Katwe, Kampala, huo ni mlango wa jirani na anakwenda kula chakula chake cha jioni. Anataja vitu vitano anavyoviona. Anavuta pumzi na kuitoa taratibu, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta. Kisha maji. Yeye mwenyewe ndiye aliyegundua kwamba maji baridi ya udhu usoni na mikononi humrudisha upesi kuliko yote niliyomfundisha. Nimewafundisha wengine tangu hapo, na simdai mtu yeyote kwamba nilikibuni mimi.

Mambo haya hayafundishwi wakati wa dhoruba. Mwanachuoni wetu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, na humo anashauri mtu ajiwekee fikra za kumtuliza wakati yuko mzima, kama anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya dharura. Zaidi ya miaka 1000 iliyopita! Nasi tunaona haya kuzungumzia nafsi. Kwa hiyo yule mama alifanya mazoezi asubuhi, akiwa ametulia, watoto wakiwa shule, mpaka maneno yakaja yenyewe bila kutafutwa.

Baadaye tulikwenda hatua nyingine. Mume wake, ambaye nasema kwa haki kwamba aliomba msamaha na akawa msaada mkubwa, alizungumza na mwenye duka mmoja. Siku moja mchana, tulikwenda watatu, na yule mama akaushika mlango ule wa chuma kwa mikono yake mwenyewe. Akaushusha polepole, akaupandisha. Akaushusha tena kwa haraka zaidi. Alihesabu mara kumi na moja. Mwenye duka alidhani sisi ni wehu. Naomba familia zisijaribu jambo hili peke yao nyumbani kwa kumshtukiza mgonjwa "azoee", hilo ni kutonesha kidonda kwa makusudi. Linafanywa kwa ridhaa yake, yeye ndiye anayeshika mlango, na mshauri yuko karibu.

Mtaniuliza, kwa nini asihame tu? Wengi huhama. Anakwepa mtaa, kisha soko, kisha basi, kisha harusi za jamaa, na mwisho dunia yake inakuwa kitanda. Kukwepa kunatuliza leo na kunakiongezea kidonda nguvu kesho. Lakini sisemi kwamba kila kitu lazima mtu apambane nacho. Kisa cha Wahshi kinanizuia kusema hivyo. Yako mambo ya kuyazoea kwa sababu maisha yanayahitaji, na yako ambayo mtu ana haki ya kusema, hili naomba mniondolee. Kujua lipi ni lipi ndiko kunakochukua muda.

Kuhusu matibabu yenyewe ya kile kidonda, wasomaji wetu wanafunzi watafurahi kujua kwamba Uganda ina nafasi yake katika elimu hii. Njia moja ambayo mtu husimulia maisha yake yote tangu kuzaliwa, akitandika kamba sakafuni, akiweka maua kwa siku njema na mawe kwa siku mbaya, hadi kila jiwe lipate tarehe na mahali pake, ilijaribiwa na wataalamu kutoka Ujerumani kwa wakimbizi wa Sudan katika makazi ya Imvepi. Utafiti ulichapishwa mwaka 2004. Baada ya mwaka mmoja, waliosimulia kwa njia hiyo ni asilimia 29 tu waliobaki na ugonjwa, na waliopewa ushauri wa kawaida walikuwa asilimia 79. Mwaka 2008 ukachapishwa mwingine kutoka Nakivale, ambapo waliotoa matibabu hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao, waliofunzwa kwa majuma machache. Nawaambia hivi ili msidhani msaada uko ng'ambo tu au kwa matajiri. Hapa Kampala kuna hospitali ya Butabika, kuna kituo cha ACTV kwa walioteswa, kuna TPO. Mtu akikaa na hali hii zaidi ya mwezi, au akianza kusema afadhali afe, asingojwe.

Nyumbani, jambo kubwa ni kutoa taarifa. Kampala usiku wa tarehe 31 Disemba saa sita hulipuka fataki kutoka mahoteli na vilima, na najua nyumba za Wakongo, Wasomali na Wasudan Kusini ambazo watu hulala chini ya kitanda usiku huo. Fataki zina tarehe yake. Familia inaweza kukaa macho pamoja, kuwasha taa, kupika chai, na kuhesabu dakika kabla hazijaanza. Kishindo unachokingoja si sawa na kinachokuvamia.

Hajjati alirudi. Mjukuu alinipigia simu kwanza kuuliza kama nitakuwa mimi, na akaniambia nyanya yake amesema yule mwanamke wa Mombasa si mbaya, ila asinyanyue sauti. Nikajifunza salamu za Kiganda upya, kwa mume wangu, kama mtoto wa chekechea. Tulizungumza kupitia mfasiri, Hajja mmoja wa umri wake.

Kumbe kilichomleta kilikuwa hicho hicho. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikuwa limeamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, na kitukuu wake wa miaka 9 alikuwa amekianza. Kila jioni mtoto alikuwa anasoma kazi yake ya shule sebuleni kwa sauti, na kila usiku Hajjati hakulala. Hakumwambia mtu. Angemwambia nini? Kwamba anamwogopa mtoto?

Tulianza na maneno ambayo hakuna askari aliyewahi kumwambia. Nilimtaka mtoto amfundishe yale tu: ua, kipepeo, shangazi, uji. Ahadi ilikuwa mtoto amwulize kwanza, na Hajjati akisema basi, ni basi. Mtoto alifurahi kuwa mwalimu. Maneno ya amri tuliyaacha mwisho, na moja wapo Hajjati ameliondoa kabisa, hataki kulisikia nyumbani kwake, na hakuna anayelisema. Mimi pia nimeliacha ofisini. Siku hizi nasema "karibu kiti".

Mara ya mwisho alipokuja saa ilikuwa mkononi. Usingizi wake ni wa saa tano hivi, na taarifa ya habari ya Kiswahili redioni bado anaizima. Mlangoni aliniambia "asante, shangazi," akacheka mwenyewe, kisha akaendelea kwa Kiganda kunilalamikia nauli ya bodaboda kutoka Kawempe.

Wassalaam.